Guangzhou kwa msafiri aliyekwama: nini kinafaa, nini kinamaliza hela bure

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanalijua Guangzhou kama ghala. Wanaingia, wanazunguka masoko ya Sanyuanli na Baima, wanamwachia ajenti mzigo, wanapanda ndege. Ndege ikiahirishwa au mzigo ukichelewa kufungwa, wengi hujifungia chumbani mtaa wa Xiaobei wakila wali kuku na kuangalia simu. Hiyo ni kulipa hasara mara mbili, maana hili ni mojawapo ya majiji rahisi kabisa kupoteza siku mbili tatu kwa raha na kwa hela kidogo. Vilivyo bora viko upande wa magharibi ya jiji, karibu vyote kwenye njia moja ya treni ya chini ya ardhi, na vingi havina kiingilio. Mapumziko yakiharibika, mara nyingi chanzo ni karatasi, simu na namna ya kulipa, kwa hiyo tuanze na hayo.

Kama unaruhusiwa kutoka uwanjani

Mwenye viza halali hana shida, ila aangalie idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja inakwisha ukivuka kwenda Hong Kong au Macau, hata kwa matembezi ya mchana mmoja. Watu wengi waliokwama Guangzhou huona Hong Kong iko chini ya saa moja na nusu kwa treni ya kasi, wakaenda kubadilisha mawazo, kisha wakashindwa kurudi kuchukua mzigo.

Asiye na viza, anayepita tu, anategemea utaratibu wa saa 24. Huu uko wazi kwa karibu mataifa yote, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Masharti yake ni tiketi iliyothibitishwa ya kwenda nchi ya tatu, na ndege ya kuondoka iwe ndani ya saa 24 tangu ile ya kuingia ifike. Nchi ya tatu maana yake ni hii: Bangkok, Guangzhou, Nairobi inakubalika, Nairobi, Guangzhou, Nairobi haikubaliki. Ili utoke nje ya uwanja unaomba kibali cha muda kwenye dawati la uhamiaji kabla ya foleni ya kawaida. Ofisa ana haki ya kukataa, na akikataa hakuna rufaa ya maana pale dirishani. Chapisha tiketi zote mbili na nafasi ya hoteli kwenye karatasi, kwa sababu picha ndani ya simu yenye intaneti ya kusuasua humfanya ofisa achoke mapema.

Ule utaratibu mrefu wa saa 240 unaosifiwa mitandaoni una nchi 55, na hakuna hata moja ya Afrika. Ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani au Kanada wanaweza kuutumia. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo asiupangie safari.

Ndege ikifutwa ukiwa ndani kwa kibali cha saa 24, usingoje muda uishe. Nenda na mfanyakazi wa shirika la ndege hadi kwa uhamiaji wa uwanjani, mkiwa na barua ya kufutwa kwa ndege. Sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza Julai 2013, inatambua dharura na inaruhusu kibali cha muda kisichozidi siku 15. Wenye viza inayokaribia kwisha wajue kwamba maombi ya kuongeza muda hupelekwa siku 7 kabla ya tarehe ya mwisho. Kupitiliza kunatozwa yuan 500 kwa siku hadi kikomo cha 10,000, na kosa likionekana kubwa mtu anaweza kuwekwa ndani siku 5 hadi 15.

Nani analipa kitanda

Hapa ndipo makelele mengi ya kaunta hutokea, na mara nyingi abiria ndiye anayekuwa amekosea kanuni. Kwa kanuni za anga za China zilizoanza Januari 2017, ndege ikichelewa kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika, kama ubovu wa mitambo, uhaba wa wahudumu au ratiba, shirika linatoa chakula na malazi. Sababu ikiwa ni hali ya hewa au msongamano wa anga, na wewe unaanzia safari hapo hapo Guangzhou, shirika litakusaidia kutafuta hoteli lakini bili ni yako. Walio katikati ya safari kwa ndege ya ndani ya China, ndege yao ikiwa imetua tu kupitia au imeelekezwa hapo, hupewa malazi kwa vyovyote vile. Kwa hiyo swali la kwanza kaunta ni sababu gani imeandikwa kwenye mfumo. Omba hati ya kuchelewa yenye mhuri. Bila hiyo bima ya safari hailipi.

Tofauti na hayo kuna huduma ya China Southern ya malazi ya bure kwa abiria wanaounganisha ndege zake Guangzhou, wenye kusubiri kati ya saa 8 na 48, kwa aina za tiketi zinazostahili. Iombe mapema kabla ya kufika. Kuombea kaunta saa 8 usiku ni kubahatisha. Hoteli zake ni za kawaida, karibu na uwanja, na gari la kwenda na kurudi lipo. Hasara ni kwamba ziko mbali na kila kitu. Ukiwa na usiku mmoja tu, ichukue. Ukiwa na siku mbili, ni afadhali ulipe mwenyewe mjini, wilaya ya Liwan au Yuexiu.

Tukija kwenye kulipa mwenyewe, chumba safi cha daraja la kati hupatikana kwa yuan 200 hadi 350. Yuan moja ni kama shilingi 18 za Kenya, au karibu 350 za Tanzania. Isipokuwa wakati wa Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara: yanafanyika Aprili hadi Mei, kisha Oktoba hadi Novemba, na bei hupanda mara mbili au zaidi. Mapokezi yataomba dhamana ya yuan 100 hadi 300. Tunza risiti yake. Hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi. Ukilala kwa jamaa, kujiandikisha kituoni ndani ya saa 24 ni juu yako, na hili wengi hulidharau mpaka siku ya msako.

Simu na malipo

Google, WhatsApp, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Laini ya nyumbani iliyowashiwa matumizi ya nje ya nchi huzifungua, kwa sababu data yake inarudi kwanza kwa mtandao wa nyumbani. Washa huduma hiyo kabla ya kuondoka. Wi-Fi ya uwanjani inahitaji namba ya simu ya kupokelea ujumbe, au usome pasipoti kwenye mashine ili ikupe namba ya siri.

Ramani ya Google, hata ikifunguka, isikuongoze mtaani. China inatumia mfumo wake wa kuweka alama za ramani, na nukta ya Google husogea mamia ya mita. Utajikuta umesimama upande wa pili wa mto ukitafuta mgahawa. Tumia Amap, ambayo sasa ina Kiingereza, au ramani za Apple kama una iPhone.

Malipo ni Alipay au WeChat Pay. Zote zinapokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hayana ada. Yakizidi, Alipay hukata asilimia 3, ndiyo maana bili kubwa ni vizuri kuigawa pale muuzaji anapokubali. Kinachogoma ni benki yako, si programu: ujumbe wa uthibitisho unatumwa kwenye laini ambayo imezimwa, au benki inaona malipo ya China na kufunga kadi. Isajili kadi ukiwa bado nyumbani, pakia picha ya pasipoti, kisha iarifu benki. Beba pia noti za yuan 300 au 400 zilizochanganywa, za 5, 10 na 20. Noti ni halali na duka halitakiwi kuzikataa, ila muuza maandazi wa mvuke hatakuwa na chenji ya mia.

Kuingia mjini

Teksi kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun hadi katikati ya jiji ni yuan 120 hadi 150, kwa mita, kutoka kwenye foleni rasmi. Wanaokufuata ndani ya ukumbi wakisema "teksi, teksi" watataka mara mbili yake. Treni haifiki yuan 10. Mstari wa 3 una vituo viwili uwanjani: Kusini kwa jengo la 1, Kaskazini kwa jengo la 2. Jengo la 3, lililofunguliwa Oktoba 2025, haliko kwenye mstari huu, kwa hiyo chukua basi la kuunganisha majengo. Mizigo mikubwa iache kwenye chumba cha kuhifadhia mabegi uwanjani. Kila mlango wa kituo cha treni una mashine ya kukagua mabegi, na makopo ya dawa ya kupuliza na visu huzuiliwa hapo.

Watu wengi hukaa na mstari wa 3 hadi Tiyu Xilu. Usifanye hivyo asubuhi wala jioni ya siku za kazi: ni kati ya njia zinazobanana kuliko zote China, na mwenye begi hatoki pale anapotaka. Shuka Jiahewanggang, ingia mstari wa 2. Hapo ndipo mstari huo unapoanzia, kwa hiyo treni inakuja tupu na utakaa. Inapita Sanyuanli, stesheni kuu na bustani ya Yuexiu, hadi Gongyuanqian, ambako unabadilisha kwenda mstari wa 1.

Mstari wa 1 ndio wa mtu mwenye muda. Huangsha ni kituo cha kisiwa cha Shamian. Changshou Lu ni mitaa ya kale ya biashara. Chen Clan Academy ni jumba la ukoo wa Chen. Ximenkou ni msikiti wa Huaisheng. Gongyuanqian ni barabara ya Beijing. Safari kati ya vituo hivi ni yuan 2 au 3. Lipia kwa msimbo wa usafiri ndani ya Alipay baada ya kuchagua jiji la Guangzhou, au nunua kidude cha plastiki cha mviringo kwenye mashine: unakigusisha kuingia, unakidumbukiza kutoka.

Liwan, ndiko kwenyewe

Ukiwa na nusu siku tu, itumie yote hapa wala usijishughulishe na kingine.

Shamian ni kisiwa kidogo cha mchanga, kilometa za mraba 0.3, kilichotolewa kwa Waingereza na Wafaransa baada ya Vita vya pili vya Kasumba. Majengo ya zamani ya balozi, mabenki na makanisa yamebaki, chini ya mibanyani mikubwa iliyoangusha mizizi ya hewani. Hakuna kiingilio, hakuna magari mengi, na viti vipo. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, wazee wakiwa kwenye tai chi. Baada ya hapo maharusi wa kupiga picha huziba njia. Hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa 1983, ina maporomoko ya maji ndani ya ukumbi. Kuingia kuyaona hakuna anayekuuliza, na vyoo vyake ni vizuri kuliko vyote eneo hilo.

Toka kisiwani kwa daraja la waenda kwa miguu upande wa kaskazini, upite soko la Qingping. Leo linauza zaidi dawa za miti shamba na vitu vilivyokaushwa: uyoga, maganda ya machungwa ya miaka mingi, pweza, farasi wa baharini. Bei za dawa husomwa kwa "jin", ambayo ni nusu kilo. Anayedhani ni kilo hulipa mara mbili. Endelea hadi Shangxiajiu, mtaa wenye maghorofa yaliyotokeza mbele na kuacha kibaraza chini, ili mtu atembee kivulini na asilowe mvua ikinyesha. Mtu wa Mombasa au Unguja ataelewa mara moja kwa nini walijenga hivyo.

Kutoka hapo fuata barabara ya Enning hadi Yongqing Fang. Ni mtaa wa zamani uliokarabatiwa, na sehemu ya mbele imejaa vikombe vya kahawa vya bei mbaya. Ingia vichochoroni. Humo mna nyumba ya Lee Hoi-chuen, msanii wa opera ya Kikantoni, ambaye ni baba yake Bruce Lee. Na jirani lipo jumba la makumbusho ya opera hiyo, lililofunguliwa 2016, lenye bwawa, jukwaa na kuingia bure. Mchana wa jua kali ni pahali pazuri pa kukaa saa nzima. Mbele yake ni bustani ya ziwa Liwan.

Jumba la ukoo wa Chen ni yuan 10, na hii ndiyo yuan 10 inayotumika vizuri kuliko zote jijini. Lilikamilika 1894 kwa michango ya watu wa ukoo huo kutoka wilaya nyingi za Guangdong, ili vijana wao wafikie hapo wanapokuja mjini kwa mitihani ya serikali. Kuna majengo 19. Angalia juu kwanza: matuta ya mapaa yamejaa mamia ya sanamu za kauri, watu, majumba, wanyama, visa vizima vya michezo ya jukwaani. Kosa la kawaida ni kukimbilia vyumba vya ndani vyenye vinyago vya pembe na kuyaacha mapaa. Fika saa 3 asubuhi wanapofungua. Vikundi vya watalii huanza kumiminika saa 4.

Chai ya asubuhi, na wasiokula nguruwe

Kukosa chai ya asubuhi Guangzhou ni kama hukufika. Hii si chai ya kunywa umesimama. Unaketi, unachagua majani (pu'er kama umeshiba safari na tumbo zito, tieguanyin ukitaka harufu, ua la krisanthemumu kama hutaki kukosa usingizi), na unatozwa ada ya chai kwa kila mtu, yuan 5 hadi 15. Maji ya kwanza ya moto ni ya kusuuza vikombe na vijiti ndani ya bakuli kubwa, usiyanywe. Ukimiminiwa, gonga meza kwa vidole viwili badala ya kusema asante. Birika likiisha maji, funua mfuniko uuache upande. Mhudumu atakuja bila kuitwa. Vyakula huja kwa sahani ndogo za vipande vitatu au vinne. Watu wawili watosheke na sahani tano, na bili iwe yuan 60 hadi 100 kwa kila mmoja. Mikahawa ya zamani kama Taotaoju na Guangzhou Restaurant ina foleni ya namba Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi kabla ya saa 2 asubuhi unakaa mara moja. Wengi hupunguza bei kati ya saa 8 na saa 10 alasiri.

Kwa Muislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, hapa pagumu. Siumai, vile vifuko vidogo vya nyama vya mvuke, ni nguruwe waziwazi. Hagau, ile ya kamba ndani ya unga mwangavu, mara nyingi huchanganywa mafuta ya nguruwe ili isikauke. Keki ya figili ina soseji. Hata ganda la kikeki cha mayai (egg tart) huweza kukandwa kwa mafuta hayo. Kumuuliza mhudumu "kuna nguruwe?" utajibiwa kuhusu nyama, si mafuta. Njia salama ni kutafuta alama 清真, inayosomeka qingzhen, kwenye migahawa ya Waislamu karibu na Ximenkou na kwenye maduka ya tambi za Lanzhou yaliyotapakaa jiji zima. Bakuli la tambi zilizovutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe ni yuan 15 hadi 25, na mchuzi wake unamfaa aliyetoka kwenye ndege.

Wote wanaweza kujaribu shuangpinai, maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa mvuke yakafanya ngozi mbili juu, ya moto au ya baridi. Liangcha, dawa ya majani inayouzwa vibandani, ni chungu kama mwarobaini. Wenyeji huinywa dhidi ya joto la mwili. Kikombe kidogo kinatosha kabisa.

Mnara, mto na mengine ya upande wa mashariki

Mnara wa Canton, mita 600, ulifunguliwa 2010 mwaka wa Michezo ya Asia. Kupanda kunaanzia karibu yuan 150 na kunazidi 200 kwa ghorofa za nje. Kwa ukungu wa Guangzhou, siku nyingi unalipia kuona mawingu. Mnara wenyewe ndio mandhari. Ukiwa juu yake huuoni. Kaa uwanja wa Huacheng au daraja la Haixin, la waenda kwa miguu, lililofunguliwa 2021, taa zikiwashwa jioni, bure. Jumba la Makumbusho la Guangdong liko hapo hapo, bure kwa kujiandikisha na pasipoti, limefungwa Jumatatu. Sehemu ya kauri itamgusa anayejua vigae vya Kichina vilivyofukuliwa Kilwa na Gedi.

Boti za starehe za usiku kwenye mto Lulu zinategemea daraja la tiketi. Sitaha ya juu ndiyo yenye maana, na "chakula kimejumuishwa" ni biskuti na soda. Asiyetaka kulipa sana apande feri ya abiria ya mchana, yuan chache tu, aone mto ule ule.

Bustani ya Yuexiu, kwenye mstari wa 2, ina sanamu ya Mbuzi Watano na mnara wa Zhenhai wa 1380. Kuingia bustanini ni bure. Mnara una tiketi ndogo. Ni pahali pa kulala kwenye nyasi. Mlima Baiyun, mita 382, unafaa kwa mwenye miguu iliyochoka kukaa: kiingilio yuan 5, na gari la kamba la kupandia mlima lipo kwa asiyetaka ngazi.

Kwa ibada, msikiti wa Huaisheng una mnara wake wa kale wa mita 36. Swala ya Ijumaa inayowakusanya Waafrika wengi ni ya msikiti wa Xianxian, karibu na stesheni kuu, penye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Vaa kwa heshima, na asiye Muislamu asitarajie kuruhusiwa ndani. Wakatoliki wana Kanisa la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu ya itale, lililojengwa kati ya 1863 na 1888, karibu na kituo cha Yide Lu. Misa ya Kiingereza ni Jumapili alasiri, na ndipo utakapokutana na watu wa nyumbani wenye habari za uhakika za bei ya mzigo.

Kukanda miguu na kulala bila hoteli

Tafuta bango la 足浴. Dakika 60 hadi 90 ni yuan 100 hadi 200. Unaloweka miguu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye majani, mabega yanakandwa wakati huo, kisha nyayo. Wanabonyeza kwa nguvu. Sema "qing yidian" wapunguze. Bei iulize kabla na iandikwe kwenye simu, maana mafuta, vikombe vya kuvuta damu na kukata kucha huongezwa kimyakimya. Mwenye kisukari apime maji kwa mkono kwanza. Aliyeshuka kwenye ndege ndefu akiwa na mguu mmoja uliovimba na kuuma asikandwe kabisa. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na pa kwenda ni hospitali.

Nyumba kubwa za kuoga zinazofunguliwa saa 24 ni mbadala mzuri wa hoteli kwa anayeruka alfajiri. Kwa yuan 150 hadi 400 unapata kabati, mabwawa ya moto na baridi, joho, viti vya kulalia na mara nyingine chakula cha kujipakulia. Wanaume na wanawake wako sehemu tofauti na mabwawani huogwa bila nguo, kwa hiyo anayeona haya aende moja kwa moja kwenye bafu za pembeni. Ufunguo wa mkononi ndio bili: kila juisi na kila kusuguliwa mgongo kunarekodiwa humo. Kulala usiku mara nyingi kuna nyongeza. Waulize saa ngapi inaanza.

Ikiwa kilichokukwamisha ni tufani

Msimu ni Julai hadi Septemba hasa, na kinachofuta ndege hufunga pia matembezi. Tahadhari hupangwa kwa rangi: nyeupe, bluu, njano, chungwa, nyekundu. Ikifika chungwa, boti, milima, bustani na ghorofa za nje za mnara hufungwa. Ikifika nyekundu hata treni zinazopita juu ya ardhi husimamishwa. Siku hiyo nunua maji na tambi mapema, kaa karibu na hoteli, na usikimbilie uwanjani. Ratiba huchukua siku moja au mbili kunyooka baada ya upepo kupita, na anayelala ukumbini hapati kiti haraka kuliko aliyepiga simu kwa shirika akiwa kitandani. Aprili hadi Juni ni radi za alasiri: ndege za asubuhi huondoka, za jioni husukumwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua ndege mpya, chagua ya asubuhi.

Kurudi uwanjani, ikifika saa 4 usiku uwe umeshaingia kituo cha treni. Baada ya hapo ni teksi. Mtu mwenye kusubiri chini ya saa 8 kati ya ndege mbili asitoke kabisa: uhamiaji, treni ya karibu saa moja kwenda na nyingine kurudi, na kufika saa 3 kabla ya safari havimwachii hata muda wa chai. Saa 12 zinatosha Shamian na jumba la Chen. Na kama unaunganisha na ndege ya ndani ya China, angalia pawabenki yako kabla ya kufika ukaguzi: tangu 28 Juni 2025 isiyo na alama ya 3C, cheti cha usalama cha China, inachukuliwa na hurudishiwi.